Hailaita haikusomei, dogo

Nawaona kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vya chuo, kila jioni, madogo wa mwaka wa kwanza, hailaita ya njano, ile kalamu ya kupaka rangi maandishi, mkononi, pepa nzima, yaani makala ya kitaaluma, imepigwa rangi mpaka hujui kipi kimeachwa, halafu mtu ukimuuliza mwandishi anasemaje anakuangalia kama umemkopa hela. Nawapenda ila mnanichosha. Haya sogeeni.

1. Kupaka rangi sio kusoma. Soma seksheni moja, funga, jiambie mwenyewe imesema nini, Kiswahili ruksa, hata kilugha. Watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima hili 2006: waliorudia kusoma tu walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika 5, ila ilipopita wiki, wale waliofunga karatasi na kuandika walichokumbuka ndo wakawapita. Ndo maana unatoka laibrari unajiona umejaa nondo halafu UE, mtihani wa mwisho wa semesta, inakuumbua.

2. Pepa sio riwaya. Anza abstrakti, ule muhtasari wa juu kabisa, ruka mpaka hitimisho, rudi utangulizi, ndo uingie katikati ukijua unatafuta nini.

3. Jua nani anaongea. Hapa nisikilizeni vizuri maana hapa ndo nilipofia.

Mwaka wa pili tulipewa semina ya DS, somo la maendeleo, kitabu cha mtafiti wa Marekani Elinor Ostrom cha 1990, kile cha rasilimali za pamoja, kundi letu sura ya kwanza. Nikajitia mjuaji, nikawaambia wenzangu lalani hii naimaliza mwenyewe. Kurasa za mwanzo nakutana na mwanaikolojia Garrett Hardin wa 1968 na malisho yake yasiyo na mwenyewe, kila mfugaji anaongeza ng'ombe mpaka majani yanaisha, ikaja hoja kwamba dawa ni serikali ishike, ikaja nyingine kwamba dawa ni kugawia watu binafsi. Nikapaka njano kote, nikafunga, nikalala fofofo. Asubuhi nimesimama mbele, shati limenyooshwa, naongea kwa kujiamini kabisa: Ostrom anasema mali ya pamoja lazima ichukuliwe na serikali au ibinafsishwe. Lekchara kimya. Akauliza kwa upole, "Na wavuvi wa Alanya je?" Wavuvi gani tena? Badala ya kusema sijui, nikajibu eti huo ni mfano mzuri wa serikali kusimamia uvuvi. Darasa halikucheka, bora lingecheka. Akafungua kitabu akaeleza mwenyewe: Alanya iko pwani ya Uturuki, kila Septemba wavuvi wanapiga kura ya bahati nasibu nani aanzie kutega wapi, kisha kila siku mtu anahamia sehemu inayofuata upande wa mashariki mpaka Januari, baada ya hapo wanageuza kwenda magharibi, ili wote wapate zamu kwenye sehemu zenye samaki. Hakuna aliyebinafsisha bahari, na kulindana wanalindana wenyewe. Iko sura ileile jamani, mbele ya pale nilipolalia! Yaani yule mama kaandika kitabu kizima kuwapinga wale wale ambao mimi nimechukua maneno yao nikamvisha yeye. 2009 alipewa Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata, mimi nikamfanya mfuasi wa Hardin mbele ya darasa zima. Wenzangu wa kundi walininunia mpaka koswek, alama za kazi za darasani, zilipobandikwa, na walikuwa na haki.

Tangu hapo pembeni ya kila aya naandika herufi moja kwa penseli, M kama ni mwandishi anaongea, W kama anaeleza ya wengine. Ukiona W zimefuatana nyingi mwanzoni, usilale, ngumi inakuja.

4. Dikshenari isikukwamishe kila mstari, neno likijirudia mara ya tatu ndo ulitafute.

5. Madesa, yale maelezo mafupi yaliyoandikwa na wanafunzi wengine. Sisemi msitumie, nani hakutumia, ila desa lisomwe baada ya kitabu sio badala yake, maana hujui aliyeliandika alikuwa macho au anasinzia. Kuna moja la DS bado linazunguka pale stesheneri, kurasa tatu, linasema Ostrom anataka kila kitu kibinafsishwe. Msilinunue, ni langu.

Jumamosi njooni na pepa moja moja tuzisome pamoja, na penseli, hailaita ziacheni rumu. Soda mnanunua nyie, bumu, hela yenu ya mkopo, si limeshatoka.