Unatafuta mtindo wako? Mtazame Nara kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye uchoraji, karibu wote huniuliza jambo moja: mtindo wangu nitaupata lini? Huwa nawaelekeza kwa mchoraji Yoshitomo Nara, aliyezaliwa Hirosaki, kaskazini mwa Japani, mwaka 1959.

Yule msichana anayemchora, mwenye kichwa kikubwa, anayekutazama kana kwamba umemkosea, leo unamtambua hata kwa mbali. Lakini hakuja mapema. Nara alimaliza shahada ya pili katika chuo cha sanaa cha Aichi, Japani, mwaka 1987, na mwaka uliofuata akaenda Ujerumani kuwa mwanafunzi tena, katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf. Alikuwa anakaribia miaka thelathini, yuko mbali na kwao, lugha yenyewe ngeni. Miaka hiyo ndiyo vitu vilipoanza kuondoka kwenye picha zake: mandhari, vyombo, watu wengine. Akabaki mtoto peke yake mbele ya ukuta wa rangi. Kwa hiyo ukimaliza picha, usijiulize uongeze nini. Ziba sehemu moja kwa kiganja, uone kama picha bado inasimama.

Habari za bei zisiwasumbue. Ndiyo, picha yake ya mwaka 2000 ilinadiwa Hong Kong mwaka 2019 kwa karibu dola milioni 25. Ila mnadani, kwa kawaida, anayeuza ni aliyeinunua zamani, si aliyeichora.

Kinachonivutia zaidi ni mwaka 2011. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi huko Japani, Nara hakuweza kupaka rangi. Burashi zilikuwepo, turubai zilikuwepo. Mkono ndio uliokataa. Akarudi chuoni kwake Aichi, akajifungia na mabonge makubwa ya udongo, akayafinya na kuyakwangua kwa mikono mitupu mpaka yakawa vichwa. Vichwa vile vikaja kumiminwa kwa shaba nyeusi, na alama za vidole hazikusawazishwa. Ukivisogelea unaona pale alipobonyeza kwa nguvu na pale alipochoka. Kisha akarudi kwenye turubai, na nyuso alizochora baada ya hapo zina rangi juu ya rangi, tabaka kwa tabaka, kama uso uliojengwa.

Mwanafunzi akiniambia amekwama, simwambii apumzike. Nampa udongo, namnyang'anya visu vya kuchongea, na simwulizi anatengeneza nini mpaka jioni.