Maswali ya Wasomaji: Tamasha la Mtaani Bila Ukumbi

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana na akina mama wa Mbagala tunaocheza ngoma na kuigiza katika sherehe za watu. Tunatamani kuandaa tamasha la alasiri moja, bure kwa wakazi wote, lakini tumeambiwa kwamba bila ukumbi wa mjini na msanii mwenye jina hakuna atakayekuja. Je, ni kweli? Ruhusa nayo tunaiomba wapi?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na nawasihi msilikubali wazo hilo. Vituo vya utamaduni vya Upanga na kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni, vinafanya kazi njema, lakini ni mbali mno kwa mama wa Mbagala mwenye watoto watatu na nauli ya kuhesabu. Singeli yenyewe, muziki wa kasi wa vijana wa Dar es Salaam, ilikulia katika sherehe za Manzese na Tandale kabla ya kupanda majukwaa ya Ulaya.

Kuhusu ruhusa, anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ambao wanajua uwanja ni wa nani na nyumba ipi ina msiba. Barua yao ipelekeni kwa afisa utamaduni wa Manispaa ya Temeke, awaeleze taratibu za usajili na kibali chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Ulizeni kuhusu kibali hata kama hamtozi kiingilio. Kituo cha polisi nacho kipewe taarifa ya maandishi mapema.

Watu mtawapata kwa mdundiko. Ngoma hii ya Wazaramo huchezwa kwa kutembea, na kila kona inapopita msafara huongezeka, kwa hiyo ikizunguka mitaa ya jirani na kuishia uwanjani, hadhira itakuwa imefika pamoja na wachezaji bila hata bango moja kubandikwa. Ila hapo hapo pana jambo linalonitia wasiwasi kweli: watoto huifuata ngoma hadi mitaa wasiyoijua, wakapotea. Njia ya msafara iwe fupi, viongozi wa mtaa waijue, na watu wazima wanaofahamika watembee mbele na nyuma wakiwarudisha watoto walio peke yao.

Chagueni Jumamosi kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamekwisha. Mkianza baada ya swala ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi, hamtakodi taa, na familia zitarudi nyumbani kungali na mwanga. Ratiba ifuatwe hata kama mgeni rasmi hajafika, kwa maana nimeona ngoma nzuri zikiachwa zisubiri juani huku spika zikipiga nyimbo za kurekodiwa, na manju, kiongozi wa ngoma, akipewa dakika chache za mwisho watu wakiwa wameshaanza kuondoka. Ngoma na igizo ndivyo vilivyowaita watu, basi vipewe sehemu kubwa ya muda.

Fedha za maji, usafiri na posho ya wapiga ngoma mnaweza kuzianzisha kwa mchango mdogo wa mama lishe na wauza juisi watakaopewa nafasi pembeni mwa uwanja. Mkubaliane nao kabla ya siku yenyewe, na hesabu isomwe mbele ya kikundi kizima.