Jibu: Kijiji chetu cha kando ya Mto Bubu kilianza lini?

Mbukwa ndugu. Umekwama kwa sababu karatasi za kijiji zinaanzia 1971, ilhali bibi yako anasema babu zake wamezikwa hapo ng'ambo ya mto. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mwaka 1971 ni wa Operesheni Dodoma, watu walipotolewa kwenye kaya zilizotawanyika wakapangwa katika vijiji vya ujamaa. Jina la kwenye karatasi ni la siku hizo. Watu walikuwepo zamani.

Mimi kwetu nilianzia makaburini, si ofisini. Nenda kiangazi na mzee anayepajua, majani yakiwa yamekauka. Utaona vilima vidogo vya udongo palipoanguka matembe (nyumba za udongo zenye paa bapa), na mawe ya kusagia. Usiyaokote.

Bibi usimuulize mwaka. Muulize wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya wakati wa vita ya kwanza ya dunia na baada yake, nani alikuwa ameshazaliwa. Halafu visima vya mchangani mtoni: kipi cha ukoo gani? Hapo ndipo nilipopata majina mengi kuliko kwingine kote, maana kila kisima kilikuwa na wenyewe.

Mrekodi wiki hii, tafadhali. Bibi yangu alifariki kabla sijarudi.