Mbao za paa la chumba cha uani: mimi nilianza na 2x4, nikajuta

Paa la chumba changu cha uani, huku Kimara, Dar es Salaam, lilianza kulegea kabla hata masika hayajaisha. Jipsamu ilipasuka katikati, na ukisimama getini unaona bati limebonyea kama kitanda cha kamba.

Kosa ni langu na la fundi, nusu kwa nusu. Nilitaka bati lipite chini ya fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) ya nyumba kubwa, kwa hiyo kila inchi ya mbao ilikuwa inapunguza kimo cha ndani. Fundi alipotaja 2x4, yaani mbao ya inchi 2 kwa 4, moja kila baada ya futi 3, nikaona kaniokoa. "Mama, hili ni bati tu, si zege," akasema.

Upana wa ndani ni futi 12. Na mbao nyingi za paini tunazonunua hapa mjini zina urefu huo huo wa futi 12! Mbao kama hiyo haiwezi kulalia kuta mbili na kuacha cha kuning'inia nje. Akaunga. Akaunga katikati kabisa, pale pau, yaani mbao inayobeba bati, linapoelemewa kuliko mahali pengine popote.

Hesabu nilijifunza baadaye, na si ngumu. Ugumu wa mbao unakwenda na kimo chake (upande unaosimama wima) mara tatu: kimo kwa kimo kwa kimo. Kutoka 2x4 kwenda 2x6 umeongeza inchi 2 tu, lakini mbao imekuwa ngumu zaidi ya mara 3. Ukiweka 2x4 mbili pamoja unapata mara 2 tu, na umelipia mbao mbili. Ukiilaza 2x4 kwa ubapa ndiyo kabisa, inabaki na robo ya ugumu wake. Kama huamini, chukua kipande, kiweke juu ya tofali mbili, ukikalie kwa ubapa, kisha ukisimamishe wima.

Nenda na tepu dukani. Mbao inayoitwa 2x6 ikitoka na inchi 1¾ kwa 5½, imeshapoteza kama theluthi ya ugumu. Tena kata kipande uone ndani: mbao ya dawa ya kweli, ya kuzuia wadudu, imeingiwa na rangi, siyo iliyopakwa juujuu. Na mbao mbichi itapinda ikiwa juu, hata ukiipigilia misumari kilo nzima.

Nilipofumua, niliagiza 2x6 ndefu zisizo na kiungo, nikazipanga kila futi 2. Kwa bati na siling nyepesi zimetulia. Na kimo? Hapa ndipo ninapojisifu kidogo. Siling niliihamishia juu ya mapau, yaani mapau yanaonekana chumbani, juu yake bodi, juu ya bodi papi (mbao nyembamba za kupigilia bati) za 2x2, halafu bati. Inchi 6 zote nikazirudisha ndani. Ule mwanya wa papi, ukiachwa wazi ncha zote mbili na kuzibwa kwa wavu wa kuzuia popo, unapitisha hewa. Bila huo, bati la chini hivi mwezi wa Februari litakupika.

Mteremko usiuibe kutafuta kimo. Bati la migongo mipana linataka walau nyuzi 5, ambazo kwenye futi 12 ni mshuko wa karibu futi nzima. Lile la mawimbi linataka zaidi. Paa langu la kwanza lilipobonyea, mteremko karibu na mchirizi ulipungua, maji yakawa yanasita kwenye maungio.

Ningekuwa naanza leo, ningejenga futi 10 ndani. Kuta mbili za inchi 6 zinakula futi 1, inabaki karibu futi 1 ya kuning'inia, na mbao ya futi 12 inafika bila kiungo. Wazee wa pwani walilijua hili: vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana. Mimi nilipandisha ukuta kwanza, mbao nikaiuliza baadaye.

Jingine: paa jepesi haliharibiwi na uzito tu, upepo nao hulinyanyua. Mwambie fundi aache vipande vya nondo vikichomoza kwenye mkanda wa zege wa juu ya ukuta kabla haujamwagwa, avikunje juu ya kila pau. Zege likishakauka, utabaki kubembeleza misumari.