Vijana wa utetezi, Josephus mwacheni apumzike

Jumamosi nimewasikia tena Ngamiani, Tanga, mkiitetea imani yetu ya Kikristo. Kijana ana Kiswahili kitamu, sauti haihitaji kipaza, halafu akamtoa Josephus, yule mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, mzimamzima kama alivyomkuta kwenye simu. Nikashika kichwa. Haya, nyie mlioanza juzi, sikilizeni.

1. Andiko lisomwe na aya zake za juu na chini. Mnajua, fanyeni tu.

2. Josephus. Hapa nakaa, maana ndipo nilipoungulia. Tulikuwa barazani kwa wazee, kahawa na kashata, mjadala wa heshima kabisa. Nikanukuu kitabu cha 18 cha historia yake ya Wayahudi: Yesu ndiye alikuwa Kristo, na siku ya tatu akawatokea wafuasi wake akiwa hai. Nikakunja mikono nisubiri waelemewe. Mzee mmoja akatua kikombe. "Mwanangu, huyu Josephus alikuwa Mkristo?" Hapana mzee, Myahudi. "Na alikufa hivyohivyo?" Ndiyo. "Sasa kama aliandika kwamba huyu ndiye Masihi na amefufuka, kilimzuia nini kubatizwa?"

Nikapandisha sauti. Nikarukia Isaya, nikarukia Danieli, jasho linanitoka. Mzee akaniongeza kahawa bila neno. Bora angenitukana.

Na jibu lipo, ni uvivu wangu tu. Wataalamu wengi, Wakristo wakiwemo, wanakubali kwamba kifungu kile kimeongezwa maneno na Wakristo walionakili. Origen, mwanatheolojia Mkristo wa karne ya 3, anasema wazi kuwa Josephus hakumwamini Yesu kuwa Kristo. Kwa hiyo nendeni kitabu cha 20, kwenye kuuawa kwa Yakobo, "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo". Yesu anatajwa kwa kupita tu, hakuna mahubiri, ndiyo maana wengi hawakitilii shaka kifungu hicho. Mwongezeni Tacitus, mwanahistoria Mrumi aliyeidharau imani yetu, anayeandika kwamba Kristo aliuawa na Pilato enzi za Kaisari Tiberio.

Ila jamani, Tacitus anawapa kifo. Ufufuo hausemi! Kwa huo anzieni 1 Wakorintho 15, barua iliyoandikwa kama miaka 25 hivi baada ya msalaba, na Paulo mwenyewe anasema habari hizo alizipokea, kisha anataja waliomwona.

3. Kurani usiyoisoma usiinukuu. Watoto wa madrasa wanawacheka matamshi.

4. Magombo ya Qumran, yale maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyoanza kupatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi 1947, yana Agano la Kale. Injili hamna mle. Mmoja wenu alitangaza kwamba Yohana amekutwa pangoni, ikabidi tumvute shati, naye akadhani tunamshangilia, akarudia kwa nguvu zaidi.

5. Shikamoo kwanza, hoja baadaye.

Tafsiri ya Josephus ninayo, njooni muazime. Ila mtaandika jina kwenye daftari, maana nakala ya kwanza ilikwenda Muheza "kwa wiki moja" na mpaka leo naulizia stendi.