Nilivyoacha kuliruka Agano la Kale

Nilikuwa naongoza kikundi cha kujifunza Biblia nilipotamka, kifua mbele, kwamba Mungu wa Agano la Kale ni wa hasira na wa Agano Jipya ni wa upendo. Mzee mmoja akaniuliza taratibu: "Mwanangu, 'umpende jirani yako kama nafsi yako' imeandikwa wapi?" Nikajibu upesi: kwenye Injili. Akanifungulia Mambo ya Walawi 19:18. Siku hiyo sikuongea tena.

Kumbe kosa langu lilikuwa kuukuu. Marcion, mwalimu wa karne ya pili, naye alitaka Wakristo waachane na maandiko ya Waebrania, na mnamo mwaka 144 kanisa la Roma likamtenga. Mimi sikutengwa, ila kwa vitendo Biblia yangu ilikuwa inaanzia Mathayo.

Si kwamba sikujaribu. Kila Januari nilianza Mwanzo kwa ari, nikavuka Bahari ya Shamu, nikafika kwenye vipimo vya hema ya kukutania, kisha Walawi wakanimaliza. Kilichonisaidia ni kubadilisha mlango wa kuingilia. Ninapokuta Agano Jipya linanukuu, naweka kidole pale, narudi kwenye chanzo, nasoma sura nzima. Si mstari. Sura.

Mfano ni jangwani. Yesu alimjibu mjaribu mara tatu, na majibu yote yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Ukizisoma unakuta Waisraeli, mana, njaa na miaka 40 ya kujaribiwa. Hapo zile siku 40 za Yesu jangwani zinaanza kusema.

Zaburi ya 22 ndiyo iliyonigusa zaidi. Nilizoea kusikia "Mungu wangu, mbona umeniacha" kama kilio cha msalabani tu. Nilipoisoma mpaka mwisho, nikakuta aliyeanza akilia anamaliza akimsifu Mungu katikati ya kusanyiko. Nilikuwa na msiba wakati huo. Niliisoma kila usiku kwa wiki kadhaa, na mara nyingine niliishia kwenye kilio. Nayo ni sala.

Tahadhari moja, kwa sababu nami niliangukia upande wa pili: usimlazimishe Kristo katika kila kamba na kila kigingi cha ile hema. Waache manabii waseme kwanza na watu wao. Yeremia 29:11, ule mstari wa kadi za pongezi, ni sehemu ya barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari uliotangulia unawaambia wangoje miaka 70. Wengi wao wangefia huko. Ahadi haipungui kwa kujua hilo, ila huwezi tena kuidai itimie kabla ya Ijumaa.

Tena kumbuka, Wayahudi bado wanayasoma maandiko haya na kuyaita yao. Vitabu 39 vya Waprotestanti wao wanavihesabu 24, na kwa mpangilio uliozoeleka kwao cha mwisho si Malaki bali Mambo ya Nyakati. Mimi huwa nazungumza kwa adabu zaidi nikikumbuka kwamba nimekaribishwa kwenye nyumba yenye wenyewe.

Ukitaka kuanza leo, fungua Luka 4, Yesu akiwa sinagogi la Nazareti na gombo la Isaya mkononi. Kisha nenda Isaya 61. Tazama alipoachia kusoma, katikati ya sentensi, na maneno yanayofuata ambayo hakuyatamka.