Wadogo zangu wa Pugu, sauti peke yake sio ndege

Jumamosi iliyopita nimetoka msitu wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, nikiwa na hasira kidogo, nawapenda ila imebidi niandike. Vijana wanne, darubini nzuri shingoni, na tai mwenye kishungi kaingizwa kwenye cheklisti, yaani orodha ya ndege walioonekana, kabla hata mtu hajainua kichwa. Nilipouliza nani kamwona, kimya. "Tumemsikia kaka, na app ya kutambua sauti za ndege imekubali." Aliyekuwa anaita ni robini, ndege mdogo anayeiga sauti za wengine, kwenye kichaka, usawa wa goti langu. Tai gani anaitia chini ya kichaka jamani?

1. Mjueni huyu robini kwanza, Cossypha natalensis. Uso mzima wa chungwa mpaka tumboni, kofia ya rangi ya kutu, mabawa ya kijivu-buluu, na lile jicho jeusi kubwa linaloonekana hata kwenye giza la chini ya miti. Mkia wa kutu, katikati mweusi. Ukiona nyusi nyeupe na kichwa cheusi huyo ni robini mwingine, Cossypha heuglini. Ukiona kadogo, uso hauna chungwa na tumbo ni jeupe, fikiria akalati wa pwani, ndege mwingine kabisa. Kinda ana madoa, msihangaike.

2. Huyu ni mwigaji. Hapa ndio nataka mkae chini mnisikilize, kwa sababu mlichofanya Jumamosi mimi nilishakifanya na mpaka leo kinaniuma.

Nilikuwa msimu wangu wa pili kusaidia mwongoza wageni mmoja, mzee wa watu, mtulivu kweli. Siku hiyo aliniachia njia ya bondeni niende peke yangu na daftari, nikajiona nimeshafika. Ndani ya saa moja nimeandika tai mwenye kishungi, nimeandika kekeo, nimeandika kwazi, na kwazi ni wa majini, hapo bwawa liko wapi sikujiuliza, halafu nikasikia mluzi wa mtu kabisa, ule wa kumwita mwenzako, nikajua hawa ni wachoma mkaa. Nikakimbia kuwaambia walinzi. Wale kaka waliacha chai yao wakazunguka na mimi juani mpaka miguu ikauma, hakuna mtu, hakuna tanuri, hakuna hata gogo lililokatwa. Jioni orodha nikaituma kwa waliokuwa wanakusanya rekodi za ndege, na pale kwenye tai nikaongeza kwa mkono wangu "huenda ana kiota", maana aliita mara tatu nikamsikia sehemu ileile.

Kesho yake mzee akanirudisha palepale. Hakunigombeza. Akasema tukae. Tukakaa kama dakika ishirini mbu wanatumaliza, mara kikatoka kirobini kwenye majani makavu, kikapanda kigogo mbele yetu hatua chache tu, kikaanza: tai, kekeo, kwazi, halafu mluzi wa mtu. Orodha yangu yote, kwa mdomo mmoja. Mzee akaniuliza swali moja tu, "jana ulimwona?" Nililia, sisemi uongo. Kuomba msamaha kwa walinzi ilikuwa nafuu, kazi ilikuwa kuandika barua ya kufuta rekodi, kwa sababu orodha ilishasambazwa na mtu mwingine alishaanza kupanga safari ya kutafuta hicho kiota. Msitu wa pwani uliobaki karibu na jiji ni mdogo, Pugu na Kazimzumbwi, Pande kule upande mwingine, watu wanatetea miti ile kwa hizo hizo orodha zetu. Ukiweka tai hewa, siku ukimwona wa kweli nani atakuamini?

3. Tai wa kweli anaita akiwa juu, anapanda na kushuka angani. Toka kwenye miti utafute uwazi, angalia mbingu.

4. Sauti yake mwenyewe robini ni ile ya noti mbili, moja juu moja chini, anairudia tu kama bawaba ya mlango isiyo na mafuta. Ukiisikia katikati ya fujo zote, umempata.

5. Plebaki, yaani kumchezea sauti yake iliyorekodiwa, mara moja, basi. Anadhani mpinzani kaingia kwake, anaacha kula.

6. Andikeni tarehe kila mara, kuna wanaohama kwa msimu humu humu ndani ya Afrika.

7. Anapenda alfajiri na magharibi, chini, anapindua majani akitafuta wadudu. Mkikuta siafu wanatembea msikimbie mbali, yeye na wenzake wanafuata msafara kudaka wadudu wanaotoroka. Suruali ndani ya soksi. Mwenzenu mmoja Jumamosi alikuja na kandambili, nikambeba mgongoni, na yule robini akawa anatuangalia tu hatua tano hivi, ndio mara pekee siku nzima mlimwona vizuri.

Jumamosi hii tunakutana Gongo la Mboto saa kumi na moja na nusu alfajiri. App zikae mfukoni mpaka saa mbili.